Nashville (1975): mgombea haonekani, spika zake zinasikika

Kazi yangu ni mitambo ya sauti. Ukipita kwenye mkutano wa hadhara hapa Morogoro, harusi ya Kihonda au msiba wa mtu mwenye uwezo wake kule Mazimbu, huenda spika zile ni zangu, na kama si zangu basi ni za jamaa tunayegombania naye wateja. Nimefunga maiki kwenye majukwaa ya vyama vyote. Sibagui, anayelipa kabla sijashusha vyombo ndiye chama changu. Sasa mtu mwenye kazi kama hii akiambiwa kuna filamu ya Kimarekani ya mwaka 1975 ambamo mgombea urais hatuoneshwi sura yake hata mara moja, tunaoneshwa gari lake la matangazo tu, ataiacha?

Inaitwa Nashville, kwa jina la ule mji wa Tennessee ulio makao makuu ya muziki wa kantri. Aliyeiongoza ni Robert Altman, na mswada ni wa Joan Tewkesbury. Inakwenda karibu dakika 160 na ina wahusika wakuu 24. Sisi tuliokulia kibanda umiza tunaijua kanuni: steringi hafi, na akifa ana pacha wake. Hapa steringi hayupo kabisa. Kuna waimbaji wakubwa na wanaotaka kuwa wakubwa, kuna mhudumu wa mgahawa wa uwanja wa ndege, askari aliyerudi Vietnam, mzee anayeuguliwa na mke, wakili wa mjini, na mwanamume mmoja mrefu anayezunguka na pikipiki ya magurudumu matatu akifanya kiini macho bila kusema neno hata moja (ni Jeff Goldblum, kijana kabisa). Wote wanapishana kwa siku tano, kisha wanakutana kwenye jukwaa moja.

Niseme mapema: ni filamu nzuri sana, na itamchosha asiyejiandaa. Nusu saa ya kwanza hujui umfuate nani. Watu wanaongea kwa pamoja. Ukizoea filamu ambazo kila mtu anasubiri mwenzake amalize ndipo ajibu, utadhani nakala yako ni mbovu.

Si mbovu. Altman aliwavalisha waigizaji maiki zisizo na waya, kila mmoja yake, akarekodi kwenye njia nane tofauti kwa wakati mmoja, kisha akachanganya baadaye. Alianza mtindo huo kwenye filamu yake iliyotangulia, California Split, lakini hapa ndipo ulipoiva. Maana yake ni kwamba mtu wa pembeni ya picha, yule anayepita na sinia, naye ana sauti kamili imehifadhiwa, na fundi anaweza kuipandisha au kuishusha kadiri anavyotaka wewe usikie. Kwa miaka ile, na vifaa vya miaka ile, mimi navua kofia. Mtafsiri wa kibanda umiza angeshindwa siku ya kwanza: angechagua mdomo wa nani?

Halafu kuna hilo gari. Mara baada ya majina ya mwanzo, ambayo yametengenezwa kama tangazo la televisheni la kuuza santuri, mlango wa gereji unafunguka na gari la kampeni linatoka, spika juu, sauti inaanza kumwagika mtaani. Mgombea ni Hal Phillip Walker wa chama cha tatu, wa kubuni. Anataka kuwatoa mawakili bungeni, kuyatoza makanisa kodi, na kubadili wimbo wa taifa. Anasema siasa inakuhusu upende usipende: ukinunua gari kwa bei iliyozidi gharama ya safari ya kwanza ya Columbus, hiyo nayo ni siasa. Sauti na maneno yote hayo ni ya Thomas Hal Phillips, mwandishi wa Mississippi, ambaye Altman alimwachia aandike hotuba kana kwamba kweli anagombea.

Na gari linazunguka. Watu wanakula, linapita. Watu wanagombana, linapita. Hakuna anayesimama kusikiliza. Hii ndiyo sehemu iliyonichekesha peke yangu sebuleni, kwa sababu nimekaa ndani ya magari ya namna hiyo. Unapita mtaa mzima ukitangaza mambo mazito ya nchi, na mama anachagua mchele kwenye ungo bila kuinua macho. Anayekukimbilia ni mtoto, naye anauliza kama mna fulana.

Lakini mtu wa kumtazama kwa makini si mgombea. Ni mpambe wake, John Triplette, anayeigizwa na Michael Murphy. Suti safi, sauti ya chini, hana haraka. Kazi yake ni kukusanya wanamuziki wa kutumbuiza kwenye mkutano wa Walker mbele ya Parthenon, lile jengo la mfano wa hekalu la Athens lililojengwa Nashville kwa maonyesho ya mwaka 1897. Triplette hamwelezi mtu yeyote sera. Anatafuta bei ya kila mmoja. Kwa Haven Hamilton, mwimbaji mkongwe wa suti za kumetameta (Henry Gibson, wa ajabu kabisa), bei ni kudokezewa kwamba angefaa kuwa gavana. Kwa vijana wa muziki wa watu kutoka nje ya mji, bei ni kuonekana, na hapohapo anawateta watu wa kantri ili vijana wajione wajanja. Anachomsema Haven akiwa kwa vijana hawezi kukirudia akiwa kwa Haven.

Nimewaona akina Triplette. Wanakuja wawili, mmoja anaongea, mwingine anashika simu. Hawaulizi spika zako zina nguvu kiasi gani. Wanakuuliza msanii gani anapenda kufanya kazi na wewe. Kuna mmoja, jina lake tuliache, hadi leo hela yangu ya usafiri anayo yeye.

Sisi tumezoea muziki kwenye kampeni. Tumekulia kwenye TOT, kikundi cha muziki wa CCM cha marehemu Kapteni John Komba, na siku hizi mkutano bila msanii wa bongo fleva ni mkutano wa wanachama tu. Ila Komba alikuwa kada, alijua anachoimba na alikiamini. Cha kutisha katika Nashville ni kwamba wanamuziki wanapanda jukwaani kwa Walker na karibu hakuna anayeuliza huyu bwana anataka nini. Filamu ilipigwa majira ya kiangazi ya 1974, Rais Nixon akajiuzulu Agosti hiyohiyo wao wakiwa kazini. Miezi michache kabla, Machi, Nixon huyo alikuwa amekwenda Nashville kuzindua ukumbi mpya wa Grand Ole Opry, akapiga piano jukwaani. Altman hakuhitaji kumtaja.

Hata hiyo Opry yenyewe ina historia inayofaa kujulikana kabla ya kutazama. Ni kipindi cha redio cha tangu 1925, kwenye stesheni ya WSM iliyoanzishwa na kampuni ya bima. Kantri na biashara zilizaliwa nyumba moja. Ndiyo maana kwenye filamu onyesho la Opry linakatizwa na matangazo ya peremende na hakuna anayeshangaa.

Kama unadhani kantri ni muziki wa Wazungu usiotuhusu, mimi nyumbani kwetu Krismasi ilikuwa haijaanza mpaka mzee aweke kanda ya Jim Reeves. Reeves alirekodi Nashville, akafa kwa ajali ya ndege jirani na mji huohuo mwaka 1964, na sauti yake bado inauzwa kwenye flashi stendi. Majirani zetu Kenya ndio wamezidi, wana waimbaji wao wa kantri kama Sir Elvis, kofia na buti kamili. Kwa hiyo masikio tunayo tayari.

Sasa nifike kwa Barbara Jean, maana ndiye roho ya filamu. Anaigizwa na Ronee Blakley, ambaye ni mwimbaji kweli, na wengi wanaona anafanana na Loretta Lynn, nyota wa kantri. Amerudi mjini baada ya kutibiwa majeraha ya moto, anaanguka siku anapopokelewa uwanja wa ndege, analazwa. Mume wake Barnett ndiye meneja. Anampenda, naamini, lakini anamshika mkono kama mtu anayebeba kitu kinachoweza kuvunjika kabla ya kufika sokoni.

Kuna onyesho lake la mchana, nje, mbele ya watu wengi. Anaimba wimbo wa kwanza, vizuri. Wa pili, vizuri zaidi, hadi unasahau kwamba ni maigizo. Kisha, badala ya wimbo wa tatu, anaanza kuhadithia. Anamtaja bibi yake, aliyekuwa akigonga meno ya bandia kufuatisha redio akizunguka nyumbani, bibi aliyefuga kuku. Bendi inaanza kupiga utangulizi wa wimbo, kwa upole, kama kumkumbusha. Anawasimamisha. Anaendelea na hadithi nyingine. Bendi inaanza tena. Anawasimamisha tena. Anacheka kidogo. Watu wa mbele nao wanacheka, halafu wanaacha kucheka, na wa nyuma wanaanza kuzomea.

Mimi niliyekaa nyuma ya meza ya sauti najua dakika hiyo. Mkono unakwenda wenyewe kushusha maiki. Bwana harusi amelewa na maiki anayo, mfiwa amezidiwa katikati ya wasifu, mgeni rasmi ameanza kutaja jina la mtu asiyetakiwa: unashusha polepole, unapandisha muziki, watu watadhani ni umeme. Altman hashushi. Anamwachia Blakley maiki wazi mpaka mwisho, kamera inamtazama bila kukimbilia pembeni, na wewe mtazamaji ndiye unayetamani mtu azime. Maneno yale Blakley aliyaandika mwenyewe. Ni onyesho bora zaidi la kuvurugikiwa jukwaani nililowahi kuliona, na hakuna anayepiga kelele ndani yake.

Barnett anakuja kumtoa. Watu wamelipa, wamekasirika. Ili kuwatuliza, anawaahidi palepale kwamba kesho ataimba bure kwenye Parthenon. Umeona mtego ulivyofungwa? Triplette alikuwa amehangaika kumpata akakataliwa. Sasa mume anamtoa zawadi kwa sababu ya kuogopa nyomi. Kesho yake Barnett anafika, anakuta bango kubwa la Walker, alilotaka lisiwepo, juu ya jukwaa. Anafoka. Lakini watu wamejaa, bendi imepanga vyombo, mkewe ameshavaa. Huwezi kugeuza. Nimeshuhudia mabango yakifunuliwa namna hiyo, dakika tano kabla, kwenye kile kilichoitwa tamasha la vijana.

Yupo pia Sueleen Gay, mhudumu wa uwanja wa ndege, ambaye hajui kuimba hata kidogo na hajui kwamba hajui. Gwen Welles anaimba ovyo kwa unyofu ambao mwigizaji mjanja asingeuweza. Anaalikwa kwenye harambee ya wanaume ya kumchangia Walker, anadhani ameitwa kwa kipaji chake, kumbe wameahidiwa atavua nguo. Anaimba, wanamzomea. Triplette na yule wakili wa mjini wanamwendea: ukivua, kesho utaimba na Barbara Jean. Anavua. Anatoa hata soksi alizojazia kifuani na kuzitupa kwa watu. Nilisimamisha filamu hapo nikaenda kuchemsha chai. Na kesho yake yupo kweli jukwaani, amevaa vizuri, anasubiri zamu ambayo haiji.

Wimbo uliopata tuzo ya Oscar, ile moja tu waliyotoka nayo, ni wa Keith Carradine, unaitwa I'm Easy. Anauimba kwenye klabu ndogo, na humo ndani kuna wanawake wanne, kila mmoja akidhani anaimbiwa yeye. Watatu unawaona wakijitengeneza. Wa nne amekaa nyuma kabisa: Linnea, mke wa yule wakili, mwimba injili, mama wa watoto wawili viziwi ambao baba yao hajajifunza hata lugha yao ya ishara. Lily Tomlin, aliyekuwa akijulikana kwa uchekeshaji wa televisheni na hii ikiwa filamu yake ya kwanza, hafanyi chochote. Hasogei. Kamera inamsogelea taratibu wimbo mzima na uso wake haubadiliki, lakini wimbo unapoisha unajua ameshaamua.

Nitasema mwisho wake. Filamu ina nusu karne, asiyetaka aruke aya mbili hizi. Barbara Jean anaimba wimbo wa nyumbani kwao Idaho, wa mama na baba. Kijana mpole ambaye siku zote tano amezunguka na kasha la fidla analifungua. Haipigwi fidla. Msafara wa Walker umefika na bado hatujamwona, na risasi hazimwendei yeye. Zinamwendea mwimbaji. Filamu haituelezi kwa nini, na inafanya vizuri kutotueleza. John Lennon alipouawa Desemba 1980 kuna waliomrudia Altman kumuuliza, kana kwamba alikuwa na jibu. Haven, damu ikimtoka mkononi, anapiga kelele kwamba hapa si Dallas (alikouawa Rais Kennedy), ni Nashville, kisha anaomba mtu yeyote aimbe. Yule mzee wa kujikweza, anayemfokea mpiga piano akanyoe nywele mwanzoni mwa filamu, ndiye anayejua kwamba nyomi ikikaa kimya sasa itakanyagana. Nilimheshimu hapo.

Maiki inaangukia kwa Albuquerque, mwanamke mwenye soksi zilizochanika aliyemtoroka mumewe aje kuwa mwimbaji. Tulishamwona akijaribu kuimba kwenye mashindano ya magari, mdomo unafunguka, injini zimemfunika, hatusikii neno. Sasa anasikika. Barbara Harris anaanza kama anayetafuta sauti yake mfukoni, kisha inapanda, kisha kwaya ya weusi nyuma yake inaingia. Hapo nilikumbuka mwanzo: studio moja Haven akirekodi wimbo wa kujisifia miaka 200 ya Marekani, studio ya jirani kwaya ileile ikiimba injili, ukuta katikati. Imechukua maiti kuwaweka jukwaa moja. Na wimbo wenyewe unasema nini? Kwamba mkiniambia siko huru, mimi hainisumbui. Watu wanaimba, watoto wanapiga makofi. Ni wimbo mtamu, nimejikuta nikiupiga mluzi garini, na sijui kama nilitakiwa kuupenda.

Lawama ninazo. Opal, mwanamke anayejitambulisha kuwa mwandishi wa BBC, amezidishwa chumvi. Anasimama kwenye gereji la magari mabovu akijisemea mashairi, na mara ya kwanza inachekesha, baadaye unaangalia saa. Tommy Brown, mwimbaji mweusi wa kantri, na Wade, mfanyakazi mwenzake Sueleen anayemsimanga kwa kujipendekeza kwa weupe, wamepewa dakika chache mno wakati wao ndio wenye hadithi ambayo mji ule ulikuwa hautaki kuisikia. Na nyimbo: Altman aliwaachia waigizaji watunge zao wenyewe, wanamuziki wa Nashville wakanuna, na kwa baadhi ya nyimbo nawaelewa. Za Blakley zinasimama. Za Haven ni za kukusudia kuchekesha. Chache zilizobaki ni za kujazia.

Usiitazame na watoto, kwa ajili ya Sueleen. Weka maandishi ya Kiingereza chini hata kama Kiingereza unakijua, kwa sababu lafudhi ya Tennessee na watu wanne wakiongea kwa pamoja si mchezo. Na tafadhali tumia hedifoni au spika mbili za maana. Mimi nilipata nakala iliyosafishwa ya Criterion, kampuni inayotoa upya filamu za zamani, ile waliyoitoa 2013, nayo inasikika hadi vijiko. Nakala zile zilizobanwa zikae kwenye simu, sauti imebaki ya upande mmoja, hizo ni za kufuta. Yote niliyoyasifu hapa hayamo.